Samaki wamejaa bwawani lakini hawakui: nianzie wapi?

Swali: Mtaalamu, salaam. Nina bwawa la kuchimba lenye ukubwa wa kama robo eka, na maji yake yanatoka kwenye kijito. Miaka mitano iliyopita nilipandikiza vifaranga 2,000 vya sato, majike na madume pamoja. Mwaka wa kwanza nilivua samaki wazuri sana. Sasa samaki ni wengi ajabu, lakini hawazidi kiganja. Nimeongeza chakula, nimeongeza mbolea mpaka maji yamekuwa ya kijani, na bado hawakui. Mwezi uliopita, baada ya siku tatu za mawingu, niliamka nikakuta wale wakubwa wachache waliobaki wanaelea, wamekufa. Jirani mmoja ananiambia nimwage maji yote nianze upya. Mwingine anasema niweke kambale wawamalize wadogo. Nimsikilize nani? Na je, ninunue mbegu mpya?

Jibu: Ndugu msomaji, mbegu mpya usinunue kwa sasa. Kila kifaranga utakayemwongeza leo ni mdomo mwingine kwenye chungu kisichowatosha waliopo. Majirani zako wote wawili wameshika sehemu ya ukweli, na nitawafikia. Kwanza tukubaliane juu ya jambo moja, kwa sababu bila hilo utamwaga bwawa mwaka huu na baada ya miaka miwili utaniandikia tena barua hii hii.

Bwawa halihesabu vichwa, linahesabu kilo. Maji ya ukubwa fulani, yenye chakula na hewa ya kiasi fulani, yana uzito wa samaki yanaoweza kuubeba, na uzito huo ukishafikiwa ukuaji unasimama. Tuseme lako linabeba kilo 200. Kilo hizo zinaweza kuwa samaki 800 wa gramu 250, au samaki 8,000 wa gramu 25. Kwa bwawa mzigo ni uleule. Samaki akila, kwanza anatumia chakula kwa kuishi tu: kupumua, kuogelea, kuufanya mwili usichakae. Kinachobaki ndicho kinachogeuka nyama. Wakiwa 8,000, kila mmoja anapata cha kuishia na hakibaki cha kukulia. Chakula ulichoongeza kiligawanywa kwenye maelfu ya midomo, kingine kikageuka mayai, na kilichosalia kikazama na kuoza.

Vifaranga 2,000 kwa robo eka ni kama wawili kwa kila mita moja ya mraba. Hicho ni kiasi cha busara, hapo hukukosea. Tatizo liliingia miezi michache baadaye, majike yalipoanza kuzaa. Jike la sato huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakishatotolewa wakiona hatari hurudi kujificha humohumo mdomoni kwa mama. Ndiyo maana wanaopona ni wengi. Jike moja huzaa mara kadhaa kwa mwaka, mamia ya vifaranga kila mara. Na linalosikitisha zaidi ni kwamba samaki hawa wakibanana hawapunguzi kuzaa kwa muda mrefu. Wanaanza kuzaa wakiwa wadogo zaidi. Badala ya kungoja wakue, wanapeleka nguvu kwenye mayai wakiwa bado wadogo sana. Kwa hiyo hao unaowaona kama kiganja huenda si watoto. Baadhi yao wanaweza kuwa na miaka miwili au mitatu. Shika mmoja umtazame vizuri: kichwa kikubwa na macho makubwa kuliko mwili, mgongo mwembamba. Huyo ni mzee aliyedumaa.

Hapa ndipo huruma inapowaponza wenye mabwawa. Wengi tumelelewa na kanuni ya kwamba ukivua samaki mdogo umrudishe majini, umchukue mkubwa. Kanuni hiyo ina maana yake kwenye maziwa makubwa yanayovuliwa na watu wengi, ambako hofu ni samaki kwisha kabla ya kuzaa. Kwenye bwawa lako hofu ni kinyume chake. Ukitoa wakubwa na kurudisha wadogo kwa miaka mitano, umewaondoa wachache waliokuwa wanakua na ukawaachia bwawa waliodumaa. Nimeona mabwawa mengi yakiharibika kwa njia hii, na mara zote mwenye bwawa alikuwa mtu mwangalifu aliyedhani anatunza. Kuanzia sasa, mdogo yeyote anayeingia wavuni asirudi majini.

Tuje kwa wale waliokufa, maana kifo chao kimetokana na msongamano huohuo.

Wewe mwenyewe umeniandikia dalili zote: ilikuwa asubuhi, ilikuwa baada ya mawingu, na waliokufa ni wakubwa. Mchana, mwani ule mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku hautengenezi kitu, nao unapumua kama samaki, kama wadudu, kama tope linalooza chini. Oksijeni inashuka saa baada ya saa, na inakuwa ndogo kabisa karibu na mapambazuko. Siku ya jua kali akiba ya mchana inatosha kuvusha usiku. Siku za mawingu akiba ni ndogo, na kila usiku unaanza na kidogo kuliko ule wa jana. Usiku wa tatu ikaisha.

Joto nalo linaongeza ubaya. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika kama 7.5 tu, wakati huohuo samaki wa maji ya moto wanahitaji hewa zaidi. Ili samaki wale na kukua vizuri, napenda kuona kipimo kisichopungua miligramu 5 kwa lita. Sato ni wavumilivu mno, wanaweza kustahimili hata chini ya miligramu 1 kwa muda mfupi, lakini kustahimili si kukua. Bwawa linaloshuka sana kila alfajiri lina samaki wasio na hamu ya kula hata kama hakuna aliyekufa. Na hewa ikipungua, mara nyingi wakubwa ndio hutangulia, kwa kuwa mahitaji yao ni makubwa na wadogo huweza kujitafutia hewa kwenye ule utando mwembamba wa juu ya maji.

Nakueleza hili la wakubwa kwa kirefu kwa sababu ndilo litakusaidia siku nyingine kutambua chanzo kabla hujaanza kumwaga dawa. Wakubwa kwa mkupuo alfajiri, ni hewa. Wakifa wa kila saizi ghafla, pamoja na vyura na wadudu wa majini, shuku sumu, hasa kama juu ya bwawa kuna shamba lililopigwa dawa na mvua ikanyesha. Wakifa mmoja leo, watatu kesho, wawili keshokutwa, wakiwa na vidonda au wanasugua miili yao kwenye kingo, huo ni ugonjwa. Na hata ugonjwa mara nyingi unafuata njia iliyotengenezwa na msongamano na maji mabaya, kwa hiyo dawa pekee haitaumaliza.

Sasa hiyo rangi ya kijani. Kijani kidogo ni baraka, maana ndicho chakula cha asili cha sato na ndicho kiwanda cha hewa. Ikizidi inageuka deni la usiku. Kuna kipimo kinachotumia sahani ya duara ya sentimita 20, yenye robo nyeusi na robo nyeupe zikipishana, unayoizamisha kwa kamba hadi ipotee machoni. Kipimo hiki kina jina la Angelo Secchi, mwanaastronomia wa Italia aliyepima uangavu wa maji kwa sahani mwaka 1865, na mpaka leo sijaona kifaa rahisi kinachoishinda. Unaweza kuitengeneza nyumbani kwa kifuniko cha ndoo na rangi. Ikipotea kati ya sentimita 30 na 45, uko pazuri. Ikipotea kabla ya 20, acha mbolea kabisa. Huna sahani? Zamisha mkono hadi kiwiko na uangalie kiganja chako. Ukikiona kwa shida, ni sawa. Kikipotea kabla maji hayajakaribia kiwiko, mwani umezidi. Hakikisha tu kwamba ni mwani kweli na si udongo: jaza maji kwenye chupa safi uyaangalie mwangani, yawe ya kijani na si ya kahawia.

Kwa maelezo yako, naamini umezidisha. Kwa hiyo hatua ya leo, kabla ya wavu na kabla ya kambale, ni kusimamisha mbolea na kupunguza chakula angalau kwa nusu. Lisha asubuhi jua likishapanda, si alfajiri wala jioni, na toa kile kinachokwisha ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Siku ya mawingu mazito usilishe. Watu wengi huogopa hapa, wanaona kama wanawatesa samaki, lakini samaki hafi kwa kukosa mlo wa siku moja. Chakula kisicholiwa kinaoza, na kinapooza kinakula hewa ya samaki walewale unaowaonea huruma.

Jambo hilohilo linahusu amonia, ambayo samaki huitoa kupitia mashavu kila wanapokula chakula chenye protini. Maji yakiwa na pH 7 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: namba ikipanda, asidi inapungua), sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja ya amonia yote. Yakifika pH 9, sumu inazidi theluthi. Na bwawa lenye mwani mwingi huweza kupanda hadi pH 9 au zaidi alasiri, halafu likashuka usiku. Yaani samaki wako wanaweza kukosa hewa alfajiri na kuungua mashavu alasiri, ndani ya siku moja.

Ukiwakuta tena wamepanda juu na midomo wazi, una saa chache tu. Washa pampu, nyonya maji ya bwawa uyarushe juu yaanguke kama mvua. Kama kijito kina maji safi, fungua yaingie, ila yaanguke kutoka juu kidogo yakatike matone. Usiwalishe. Usimwage kitu chochote majini.

Nikirudi kwa majirani zako. Yule wa kumwaga bwawa yuko sahihi ikiwa bwawa lina bomba la chini au njia ya kulikausha kabisa, kwa sababu hakuna njia safi kuliko hiyo. Vua kila kilichomo, kisha uache jua lifanye kazi mpaka tope lipasuke nyufa. Jua linaua mayai, vimelea na samaki wa porini, na hewa inaingia kwenye tope na kuozesha mabaki yaliyokuwa yakikuibia oksijeni kwa miaka. Angalia sana vidimbwi vinavyobaki. Kidimbwi cha ukubwa wa karai kinaweza kuhifadhi vifaranga wa kutosha kukurudisha ulipokuwa. Humo ndimo unapoweka chokaa kali, ile isiyozimwa, kwa tahadhari ya macho na ngozi, na ni kwenye bwawa tupu tu. Kamwe usiiweke kwenye maji yenye samaki unaowataka. Chokaa ya kilimo ni nyingine, ni ya upole, nayo husaidia pale maji yanapokuwa na alkali chini ya miligramu 20 kwa lita. Pima kwanza, maji yako yanavyoitikia mbolea kwa nguvu hivyo, sidhani kama hilo ndilo tatizo lako.

Kama haliwezi kukaushwa, utafanya kwa wavu. Tumia kokoro la matundu madogo, linalofika chini kabisa, na pitisha mara mbili au tatu kwa siku moja. Rudia kila baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza utatoa wengi na utafurahi. Usiache hapo, kwa sababu waliobaki wakipata nafasi watazaa kwa bidii mpya. Habari njema ni kwamba sato aliyedumaa, akipata nafasi na chakula, mara nyingi huanza kukua tena.

Jirani wa kambale ana hoja, ila anakosea wakati. Mwindaji hali samaki asiyeingia mdomoni mwake. Kambale utakaowaweka leo hawatawagusa hao wa kiganja, watakula vifaranga wachanga na pia watakula chakula chako. Msongamano uliopo utabaki vilevile. Mtoe kwanza huyo wa kiganja, ndipo kambale aje kulinda usafi uliokwisha kuupata. Homer Swingle, mtafiti wa mabwawa ya samaki aliyekuwa Auburn, jimbo la Alabama nchini Marekani, aliyapima mabwawa kwa kuyamwaga na kuwapima uzito samaki wote waliomo, na mwaka 1950 akaandika kwamba mabwawa yaliyokaa sawa kwa kawaida yalikuwa na kilo 3 hadi 6 za samaki wanaowindwa kwa kila kilo moja ya samaki wawindaji. Samaki wake walikuwa wengine, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama sheria ya sato na kambale. Lichukue lile wazo: mwindaji anapimwa kwa kilo dhidi ya kilo, na bwawa lisilo na mwindaji wala mvuvi wa wadogo halikai sawa.

Ukiamua kuwaweka, vifaranga wa kambale wawe wadogo kuliko sato wako wa kufuga, wasije wakawameza wao. Na kumbuka kambale anapumua hewa ya juu pia, anavumilia tope, na usiku wa mvua huweza kutambaa akahama. Hivyo basi swali la mwisho kabla ya kumweka mwindaji yeyote ni hili: mvua kubwa ikinyesha, bwawa lako linamwagikia wapi? Kama ni kwenye kijito kilekile, usiweke aina ambayo haimo tayari kwenye kijito hicho. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, hakuna aliyepanga kwamba furu wa aina nyingi watatoweka, lakini walitoweka. Mimi mtu akinionyesha bwawa linalofurikia mto, namkataza samaki mgeni hata kama ni mzuri kiasi gani.

Njia ninayoipenda zaidi kwako, bwawa likishakuwa safi, ni kufuga madume tu. Dume la sato hukua haraka kuliko jike, na bila majike hakuna uzazi. Unaweza kununua madume matupu kwa mzalishaji unayemwamini, au kuwachambua mwenyewe wakifika kama gramu 30. Mgeuze samaki chali utazame tumboni karibu na pezi la nyuma: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Wino kidogo kwenye kidole huyafanya yaonekane. Utakosea wachache, ni kawaida, na majike wachache waliopenya watazaa kidogo. Hapo ndipo kambale wachache wanapolipa gharama yao.

Weka chujio la matundu madogo mahali kijito kinapoingilia. Kama huna, kazi yote hii inapotea, kwa sababu kijito kitaleta samaki wapya kila msimu wa mvua.

Majani ya pembeni yafyeke kidogo kidogo na uyatoe nje. Mfugaji mmoja niliyemshauri nikiwa bado mchanga kwenye kazi hii aliua magugu yote ya bwawa lake kwa dawa ndani ya siku moja, na mimi sikumwonya. Magugu yalioza yote pamoja, na wiki haikuisha kabla samaki hawajaelea. Tangu hapo nasema theluthi kwanza, pumzika, kisha theluthi nyingine.

Kwa wasomaji wenye maziwa madogo ya kina kirefu, mambo haya ni yaleyale ila kuna hatari moja ya ziada. Maji ya kina hugawanyika tabaka, ya moto juu na ya baridi chini, na yale ya chini huishiwa hewa kabisa. Mvua baridi yenye upepo ikiyachanganya ghafla, ziwa zima linaweza kukosa hewa kwa usiku mmoja. Mashine ya kupuliza hewa ikikaa chini inasaidia, lakini isianze kwa nguvu kwenye ziwa ambalo tayari limegawanyika, maana utakuwa umeyachanganya wewe mwenyewe. Anza kwa muda mfupi, ongeza siku hadi siku.

Kuanzia mwezi huu, weka daftari. Kila mwezi vua samaki 50 bila kuchagua, pima kila mmoja urefu kwa sentimita na uzito kwa gramu. Zidisha uzito kwa 100, kisha gawanya kwa urefu × urefu × urefu. Sato wa sentimita 20 mwenye gramu 150 anapata karibu 1.9, huyo ameshiba. Wa urefu huohuo mwenye gramu 100 anapata 1.25, huyo ana njaa hata kama unamwaga chakula kila siku. Namba hiyo ikipanda mwezi hadi mwezi, utajua umetoa samaki wa kutosha. Ikiganda, rudi na kokoro.

Nitakachohitaji kutoka kwako ni mambo matatu: sahani au kiganja kinapotea kwenye sentimita ngapi, uzito na urefu wa samaki 50 wa kwanza, na kama bwawa lina bomba la chini. Kipimo cha maji kichukue mchana jua likiwa juu. Halafu kesho yake nenda kabla ya mapambazuko, usimame kimya ukingoni na tochi, uone kama wamepanda kuhema. Niandikie ulichokiona, ndipo tuchague kati ya kulikausha na kulivua.